Sekondari za Marekani miaka ya 1950: kweli walikuwa wanasomea kupika, useremala na udereva?

Kibatari (mleta mada)

Wakuu kwema? Naombeni mnieleweshe kitu. Siku hizi nafukunyua vitabu vya mwaka vya sekondari za Marekani, vile vyenye picha za wahitimu wote na majina chini, kuna watu wameviskani vya miaka ya 1940 na 1950 wameviweka mtandaoni bure. Nilitegemea kuona maabara na walimu wameshika chaki, kumbe nusu ya kitabu ni vijana wamevaa aproni wanakereza miguu ya meza, wasichana wako jikoni, tena jikoni kabisa, jiko na sinki humo humo darasani, wengine wamepangwa safu kwa safu mbele ya mashine za taipu, halafu bendi ina watu wengi kuliko timu ya mpira, kwaya, igizo la darasa la mwisho, na picha moja vijana wamesimama pembeni ya gari lililoandikwa ubavuni kwamba ni la kujifunzia udereva, mali ya shule.

Sasa maswali. Haya yalikuwa masomo yenye maksi au ni klabu za jioni tu? Nani alikuwa anaamua huyu aende useremala na yule asome Kilatini? Halafu hii si ndiyo nchi iliyopeleka watu mwezini 1969, hao wanasayansi walipatikanaje kama watoto walishinda wanashona sketi? Sikejeli, nauliza kweli. Wenye nondo shusheni.

Mwl Tupa

Mkuu Kibatari, yalikuwa masomo kamili, yana maksi na yanaingia kwenye cheti. Kule kuhitimu kulihesabiwa kwa yuniti, mfumo uliotokana na taasisi ya Carnegie tangu 1906, somo moja ukilisoma mwaka mzima kwa masaa kama 120 unapata yuniti moja, na shule nyingi zilitaka yuniti 16 hivi ndiyo wakuache uende. Kiingereza hukwepi, historia ya Marekani hukwepi, hesabu na sayansi kidogo, zinazobaki unachagua (au unachaguliwa, tutafika huko). Kwa hiyo yuniti ya karakana na yuniti ya aljebra kwenye cheti zilikaa mstari mmoja, chuo kikuu kingeziangalia tofauti lakini shule ilizihesabu sawa.

Na usifikiri ni mwalimu mkuu mmoja aliyependa useremala akaamua. Kulikuwa na hela nyuma yake. Mwaka 1917 ilipitishwa sheria inaitwa Smith-Hughes, serikali ya Washington ikaanza kuchangia mishahara ya walimu wa kilimo, ufundi na sayansi kimu, jimbo linaweka dola moja na Washington inaweka dola moja. Mwaka 1946 sheria ya George-Barden ikaongeza hela. Shule ya mji mdogo ambayo isingeweza kumlipa mwalimu wa ufundi ikawa inaweza, ndiyo maana unaikuta karakana hadi kwenye shule yenye wahitimu thelathini.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Calvin Woodward alifungua shule ya kazi za mikono St. Louis mwaka 1880, na hoja yake haikuwa kutengeneza maseremala, yeye alisema mtoto akitumia mkono na jicho pamoja akili yake nayo inanolewa. Mimi nafundisha ufundi kwa hiyo mnisamehe nikivutia kwangu ila hapo namuunga mkono. Chukua kazi ya kwanza ya karakana ya enzi hizo: mashine huzigusi kabisa, unapewa ubao, randa ya mkono, guniya na penseli. Uranda uso mmoja mpaka ukiweka guniya juu yake na kuinua kwenye mwanga wa dirisha usione mwanga unapita chini. Ukimaliza uso unakwenda ubavu mmoja, halafu kichwa, halafu urefu, upana na unene kwa mpangilio, ukikosea unene ubao umeshakuwa mwembamba haurudi. Kuna watoto walikaa na ubao mmoja wiki nzima mpaka umekuwa wa kuchokonolea meno. Baada ya hapo ndiyo mchoro, na mchoro unauchora mwenyewe kwa kipimo kabla hujakata kitu, mbele, juu na ubavu. Kisha ndiyo unaruhusiwa msumeno wa mashine na mashine ya kukereza, mwalimu amesimama hapo. Vitu walivyotoka navyo ni kishikizi cha vitabu, taa ya mezani, rafu, wakubwa wanatengeneza kasha la mwerezi la kuwekea mashuka. Mwenye kufanya hayo kajifunza kipimo na sehemu kuliko aliyekariri kwenye daftari, huo ni mtazamo wangu.

Shule kubwa zilikuwa na karakana za chuma, umeme, magari na uchapaji pia.

Chumvi_Kiasi

Naweka kambi hapa. Uzi umeanza vizuri.

Mama Subira

Mimi niko Ohio nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na hawa bibi zangu wenye umri wa miaka themanini na kitu wote ni zao la hiyo elimu, ukitaka wachangamke waulize habari za shule. Kuna mmoja alihitimu 1955, mambo ya juzi anasahau lakini somo la taipu analo kichwani lote. Anasema vitufe vya mashine zao havikuwa na herufi, vimefunikwa, chati kubwa ya herufi imetundikwa ukutani mbele ya darasa ili macho yasishuke kwenye vidole. Mwalimu ana saa ya kusimamisha mkononi, anasema anza, chumba kizima kinanguruma, ukikaribia mwisho wa mstari kengele ndogo inalia ting, unasukuma wenzo kwa mkono wa kushoto gari la karatasi linarudi, unaendelea, usisimame kufuta. Neno lilihesabiwa kwa mapigo matano ya kitufe haijalishi ni neno gani, halafu kila kosa wanakukata maneno 10 kwenye jumla. Anasema siku aliyofikisha maneno 60 kwa dakika bila kosa alijua ameshapata kazi hata kabla ya kuhitimu, na kweli alipata, ofisi ya bima, Juni ile ile.

Wengi wao walichanganya taipu na hatimkato ya Gregg (kuandika haraka kwa alama) na utunzaji wa hesabu, ndiyo ilikuwa njia ya msichana asiyekwenda chuo. Wadogo zangu mnaocheka hiyo picha ya mashine zilizopangwa safu, hiyo ndiyo ilikuwa ajira.

Sasa sayansi kimu. Darasa limegawanywa vijumba vya jiko, kila kijumba jiko lake, sinki, kabati, meza, wasichana wanne au watano, mmoja leo mpishi, mwingine msaidizi, mwingine anaosha, kesho mnabadilishana. Somo la mwanzo mwanzo karibu kila mahali lilikuwa sosi nyeupe: siagi, unga, maziwa, kwa sababu ukijua kuikoroga isishike mabonge umepata msingi wa supu na vyakula vya kuoka vya chungu nzima. Nilimuuliza huyo bibi mlikuwa mnapenda? Akasema chakula hapana, ila ilikuwa saa pekee ya siku wanaruhusiwa kuongea. Ushonaji ulianza na aproni, halafu sketi, halafu gauni lenye zipu, na zipu ndiyo ilikuwa kilio, unafumua unashona unafumua, mwisho wa mwaka unalivaa hilo gauni mbele ya wazazi kwenye onyesho la mavazi, likikukaa vibaya mji mzima umeona.

Lakini haikuwa kupika tu. Walifundishwa bajeti ya nyumba, kununua kwa mkopo, kulea mtoto mchanga, kumhudumia mgonjwa kitandani. Huyo mwanamke aliyeanzisha fani yenyewe, Ellen Swallow Richards, alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kusoma chuo cha teknolojia cha MIT, kwa hiyo nyuma ya sosi kulikuwa na kemia, ingawa nakiri kwa msichana wa 1955 kemia ilikuwa imeshamezwa na aproni.

Kibatari

Mama Subira shikamoo, umenipa kitu ambacho vitabu havina. Sasa nauliza, wavulana hawakuruhusiwa kabisa kuingia jikoni?

Mama Subira

Marahaba mwanangu. Ilitegemea shule. Kuna shule zilikuwa na kozi fupi ya upishi kwa wavulana, wanaita maisha ya kapera, unajifunza kukaanga yai, kushona kifungo na kupiga pasi shati usubiri kuoa. Msichana kuingia karakana ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Ukuta wenyewe ulianza kuvunjwa kisheria na sheria ya Title IX ya 1972, shule yenye hela za serikali hairuhusiwi kumzuia mtu somo kwa sababu ya jinsia, kabla ya hapo ratiba ilikuwa inakupanga kabla hujafungua mdomo.

Nusu Shilingi

Nimesoma hapo juu naona watu mnapamba sana. Ngoja nitie maji kwenye hiyo sosi.

Swali la mleta mada lilikuwa nani aliamua, na hapo ndipo pana mzigo. Mwaka 1945 kwenye mkutano Washington, Charles Prosser, huyu huyu aliyepigania Smith-Hughes toka mwanzo, alisimama akatoa hesabu yake: asilimia 20 ya vijana wa sekondari wanaandaliwa kwa chuo kikuu, asilimia 20 wanaandaliwa kwa ufundi wenye ujuzi, na asilimia 60 waliobaki shule haiwapi kitu cha maana, kwa hiyo wapewe elimu ya kuwaandaa kwa maisha ya kawaida. Angalia hiyo hesabu vizuri. Zaidi ya nusu ya watoto wa nchi wameshaamuliwa kwamba fizikia si yao. Ndiyo likaja wimbi la masomo ya namna ya kuongea na watu, namna ya kutumia muda wa mapumziko, namna ya kumwomba msichana mtoke pamoja, wakawa wanaoneshwa vifilamu vya dakika kumi vya milimita 16, kampuni ya Coronet ya Glenview, Illinois ilivitoa kwa mamia, kijana amevaa tai anafundishwa jinsi ya kupiga simu kwa adabu. Hilo nalo ni somo?

Na si mimi wa kwanza kulalamika. Arthur Bestor, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 1953 alitoa kitabu kizima akiwachana walimu kwamba wameiondoa akili shuleni. Watu walimpuuza mpaka tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi waliporusha satelaiti ya Sputnik, basi nchi nzima ikageuka, kila gazeti likauliza mbona mtoto wa Kirusi anasoma fizikia na wetu anaoka keki. Septemba 1958 ikapita sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, hela zikamwagwa kwenye sayansi, hesabu na lugha za kigeni. Kwa hiyo Kibatari jibu la swali lako la mwezini ni kwamba walishtuka.

Bado sijagusa rangi. Farmville, Virginia, sekondari ya weusi ya Moton ilijengwa 1939 kwa wanafunzi 180, ikafika zaidi ya 450, ziada wanasomea kwenye vibanda vilivyofunikwa karatasi ya lami, wa karibu na jiko la moto anaungua, wa mbali amevaa koti. Tarehe 23 Aprili 1951 binti wa miaka 16, Barbara Johns, akaitisha mgomo shule nzima ikatoka. Kesi ilipofika mahakamani wakaorodhesha vilivyokuwa shule ya wazungu na havipo Moton: fizikia, historia ya dunia, Kilatini, na pia taipu ya ngazi ya juu, hatimkato, karakana ya mbao, ya mashine na ya umeme, uchoraji. Mmeona? Hata hayo masomo ya "mikono" yenu yalikuwa ya kubaguliwa. Kesi hiyo ndiyo moja ya zile tano zilizounganishwa kuwa kesi ya Brown ya 1954, ile iliyopiga marufuku kutenga shule za umma kwa rangi. Na wakuu wa kaunti ile walifanya nini baadaye, kuliko kuchanganya watoto walifunga shule zote za umma kuanzia 1959 mpaka 1964. Miaka mitano.

Mwl Tupa

Nusu Shilingi hapo kwa Moton sina ubishi, ila umejijibu mwenyewe. Kama karakana ilikuwa ni ya kumtupa mtoto, mbona wazazi weusi wa Farmville waliidai mahakamani pamoja na fizikia? Walijua fundi umeme mwenye cheti analipwa. Tatizo ni aliyekuwa anagawa nafasi, randa haina kosa.

Na usimchanganye Prosser wa vifilamu na karakana, hao 60 wake ndio waliopewa masomo ya hewa, wale 20 wa ufundi walisoma kweli.

Nusu Shilingi

Mwalimu mimi sijasema randa ina kosa. Nasema ukitaka kujua nchi inamfikiriaje mtoto angalia inampeleka darasa gani akiwa na miaka 14. Huko kulikuwa na mshauri wa wanafunzi, anaangalia alama za mtihani wa akili, baba yako anafanya kazi gani, ngozi yako, anakuandikia njia: ya chuo, ya biashara, ya ufundi, ya jumla. Ukishaandikiwa ya jumla kurudi ya chuo ni kazi, hesabu zako zimeshapitwa. Na sheria hiyo hiyo ya 1958 ikawaongezea hao washauri hela ya mafunzo, sijui kama ilikuwa kuwasaidia watoto au kuchuja haraka zaidi.

Saksafoni Kuukuu

Ndugu zangu mmeongelea mbao na sosi, muziki mmeuruka, na mimi naona huko ndiko sekondari za Marekani zilifanya maajabu ambayo hata wao hawakuyapanga.

Anzeni Birmingham, Alabama. Kulikuwa na shule ya weusi inaitwa Industrial High School, baadaye ikaitwa Parker kwa jina la mkuu wake wa kwanza, na kama jina la mwanzo linavyosema ililenga ufundi: useremala, ushonaji, uchapaji, kufua na kupika. Humo alikuwemo mwalimu John T. Whatley, wote wanamwita Fess. Aliajiriwa 1917 kufundisha uchapaji. Uchapaji, siyo muziki. Na darasa la uchapaji la enzi hizo mnalijua? Unashika kijisanduku cha chuma mkono wa kushoto, mkono wa kulia unachomoa herufi za risasi moja moja kwenye droo yenye vyumba vidogo vidogo, unazipanga kichwa chini kuanzia kushoto, nafasi kati ya maneno nayo ni kipande cha risasi, mstari ukipungua unaongeza kipande chembamba mpaka ukaze usitikisike. Ukipanga b badala ya d hujui mpaka karatasi itoke. Mtu wa kazi hiyo hawezi kuwa mzembe. Sasa Fess akaanzisha na bendi hapo hapo, akaiendesha kwa nidhamu ile ile ya matbaa, kuchelewa hakuna, kusoma noti ni lazima, hutaki kusoma noti nenda kapige kwa masikio kwenu. Waliotoka mikononi mwake ni Erskine Hawkins mpiga tarumbeta, ni Herman Blount ambaye dunia ilikuja kumjua kama Sun Ra, na wengine wengi waliokwenda kujaza viti kwenye bendi kubwa za jazi. Wakubwa wa bendi waliwapenda vijana wa Birmingham kwa sababu wanakuja wakiwa tayari wanasoma noti na wanafika kwa wakati.

Nenda Chicago, DuSable High School. Captain Walter Dyett alifundisha pale tangu ilipofunguliwa 1935 mpaka 1962. Kabla ya hapo akiwa shule ya Wendell Phillips alimpata kijana Nat Cole. DuSable akawapata wanamuziki kama Gene Ammons, Von Freeman, Johnny Griffin, Dinah Washington. Shule ya umma ya watoto wa maskini waliohamia kutoka kusini! Vyombo vya muziki bajeti haikutosha, wakawa wanaandaa onyesho kila mwaka linaitwa Hi-Jinks, wanauza tiketi mtaani, hela inanunua vyombo na sare. Huyo mzee alikuwa mkali, ana jicho moja, wanafunzi wanasema lilikuwa linaona kosa la mpigaji wa safu ya nyuma.

Detroit kuna Cass Tech, jina lenyewe la kiufundi, Ron Carter wa besi alipita pale, na Diana Ross alipita pale vile vile ila yeye hakuwa darasa la muziki, alisomea ubunifu wa mavazi na ushonaji, akahitimu 1962. Na kinyume chake, Elvis Presley alihitimu Humes High ya Memphis 1953, kitabu chao cha mwaka chini ya picha yake kimeandika masomo yake makuu ni karakana, historia na Kiingereza. Karakana! Sasa Nusu Shilingi niambie mshauri wa wanafunzi aliona nini hapo.

Tena hata wa mwezini mkuu Kibatari, Neil Armstrong alikuwa anapuliza baritoni kwenye bendi ya shule yao Wapakoneta, Ohio. Hakuna aliyemwambia achague moja. Asubuhi hesabu, mchana bendi, yuniti zinaingia zote.

Chumvi_Kiasi

Mzee Saksafoni umetisha. Kumbe Diana Ross ni fundi cherehani.

Kibatari

Saksafoni nimekusoma mara mbili. Nawashukuru wote. Bado nina vitu viwili, gari la shule, na picha za vijana wamevaa majaketi yanayofanana ya bluu ya kodrai yana nembo mgongoni, wako kwenye kila kitabu cha shule za vijijini. Nilidhani ni timu ya mchezo fulani.

Jembe Halali

Hayo majaketi ni ya Future Farmers of America, FFA, chama cha wanafunzi wa somo la kilimo, kilianzishwa Kansas City, Missouri mwaka 1928, jaketi la bluu walilipitisha 1933. Mgongoni kuna nembo, juu yake jina la jimbo na chini jina la tawi, kifuani jina la mwenyewe, kwa hiyo ukikuza picha yako unaweza kujua mpaka shule.

Kilimo chao hakikuwa cha kusoma kitabuni. Smith-Hughes ilimtaka mwanafunzi wa kilimo afanye kazi ya vitendo shambani angalau miezi sita kwa mwaka, na kwa kawaida ni mradi wake mwenyewe nyumbani kwao: nguruwe wawili, ekari kadhaa za mahindi, kuku. Anatunza daftari la hesabu, chakula kiasi gani, bei, kafa mmoja lini na kwa nini, mwalimu anakuja na gari lake Jumamosi au kiangazi shule zimefungwa, anakagua banda na daftari, baba mwenye shamba amesimama pembeni naye anasikiliza. Hapo ndipo mbegu mpya na mbolea zilipoingia kwa baba wabishi, kupitia mtoto. Vyeo vilipanda kwa ngazi, unaanza Green Hand unaishia American Farmer kwa wachache sana, na ili kupanda lazima uwe umepata faida na umejua kuendesha mkutano kwa taratibu zake, kusimamia hoja, kuhesabu kura.

Ila nako kulikuwa na ukuta. Vijana weusi walikuwa na chama chao, New Farmers of America, toka 1935, wakaunganishwa na FFA 1965. Wasichana wakaruhusiwa rasmi 1969. Wao kabla ya hapo walikuwa na Future Homemakers of America ya 1945, na wasichana weusi New Homemakers of America, nazo zikaunganishwa 1965. Kwa hiyo shule moja tu ya kijijini unaweza kuisoma siasa yote ya nchi kwa kuangalia nani amevaa jaketi gani.

Gari sijui sana, mwenye kujua aongezee.

Mwl Tupa

Gari naongezea kidogo. Aliyelianzisha kama somo la sekondari anatajwa kuwa Amos Neyhart, alikuwa anafundisha chuo cha Penn State, mwaka 1934 akaanza na wanafunzi wa sekondari ya State College, Pennsylvania kwa gari lake mwenyewe. Chama cha waendesha magari AAA kikamchukua kulisambaza. Kufika miaka ya 1950 limeenea, wauza magari wa mjini wanaikopesha shule gari jipya (tangazo la bure ubavuni, ndiyo hayo maandishi uliyoyaona), linafungwa pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na ya klachi kama gia ni za mkono. Darasani wanasoma sheria na umbali wa kusimama gari, barabarani wanakwenda watatu au wanne, mmoja anaendesha wengine nyuma wanasubiri zamu huku wameshika viti. Kampuni za bima zikawa zinampunguzia malipo aliyefaulu, wazazi wakawa wanalidai kuliko aljebra.

Nusu Shilingi

Hapo sasa mwalimu nakuunga mkono, ingawa na lenyewe wakosoaji wa baada ya Sputnik walilitaja kwanza kwenye orodha ya vya kufyeka. Halikufyekwa. James Conant, aliyekuwa rais wa Harvard, alizunguka kukagua sekondari akatoa ripoti yake 1959, watu walitegemea atasema ufundi utolewe shuleni upelekwe vyuo vyake kama Ulaya. Akakataa. Akasema shule iwe moja, mtoto wa daktari na wa fundi bomba wakae jengo moja, karakana ibaki, ila wenye uwezo wakazwe kwenye hesabu, sayansi na lugha, na shule ndogo ziunganishwe kwa sababu yenye wahitimu chini ya 100 haiwezi kumudu mwalimu wa fizikia na karakana kwa pamoja.

Saksafoni Kuukuu

Na bendi je, huyo Conant alisemaje?

Nusu Shilingi

Hakuwa adui wa sanaa na muziki mzee, alitaka ziwepo kwenye vya kuchagua. Alichoongeza ni kwamba siku iwe na vipindi saba au nane badala ya sita, ili mtoto anayesoma hesabu na sayansi na lugha abakiwe na kipindi cha bendi au karakana. Jambo la ratiba tu.

Mama Subira

Bibi yangu wa taipu nimemsomea huu uzi leo wakati wa chai, namtafsiria kipande kipande. Kwenye Conant hakujali. Kwenye gari akasema breki ya mwalimu wao ilitumika sana na mtumiaji mkubwa alikuwa yeye.